Dada Yetu, Aliyepima Vumbi la Watu Wengine

Niseme mapema kwamba maneno haya yamepita mikononi mwa shemeji kabla ya kupigwa chapa. Shemeji alikuwa mkaguzi wa mizani kwa miaka thelathini na moja, na hapendi kitu kizidi wala kipungue. Alifuta mistari mitatu akisema nimetia chumvi. Miwili nimeirudisha. Mimi ni mdogo wa mwisho wa marehemu, fundi wa friji, na nimepewa kazi hii kwa sababu, kama walivyosema ndugu zangu, nina mdomo.

Dada yetu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Machi 1954, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na ukuta wa karakana ya reli. Alikuwa kifungua mimba katika watoto wanne. Baba alikuwa fundi wa boila kwenye karakana hiyo, na mama alikuwa dobi aliyefulia watu nguo hapo nyumbani. Injini za wakati ule zilikula makaa ya mawe, na upepo ukigeuka masizi yalivuka ukuta yakatua juu ya mashuka ya watu yaliyoanikwa. Mama aliyaanua, akayafua upya, wala hakuna mteja aliyelipia kufua mara ya pili. Dada akiwa na miaka minane alianza kuchora mstari wa mkaa nyuma ya mlango kila mama aliporudia kufua. Mwisho wa mwezi baba akaiona mistari, ilikuwa kumi na tisa, akauliza huo ni mchezo gani.

"Baba, ule moshi ni wa nani?" dada akamwuliza.

"Wa karakana."

"Sasa mbona mama ndiye anayeufua?"

Baba, ambaye mshahara wake ulitoka katika moshi ule ule, alimtuma akachote maji. Lakini kuanzia wiki iliyofuata alikuwa akigonga bomba mara tatu kabla injini haijawashwa, na mama akisikia tu aliwahi kuanua. Mistari ya mwezi wa pili ilikuwa minne. Nadhani hiyo ndiyo taarifa ya kwanza ya kitaalamu aliyopata kuiandika, na ndiyo iliyofanyiwa kazi haraka kuliko zote.

Alianza shule ya msingi Januari 1961, akamaliza 1967, akaenda sekondari ya bweni hadi 1973. Katika hisabati hakuwa na mpinzani. Katika ushonaji alikuwa janga, na gauni alilomshonea mdoli lilikuwa na mikono mitatu. Hili ni la kwanza kati ya yale shemeji aliyoyafuta. Karibu kila ripoti ya shule ilikuwa na maneno yale yale chini: "Anauliza sana." Chuo kikuu alisomea uchumi, akapata shahada yake mwaka 1977. Akiwa mwaka wa pili alimwandikia mama barua ndefu yenye furaha: "Mama, nimepata jina la lile jambo lako la masizi. Wataalamu wanaliita gharama ya nje, yaani hasara inayompata mtu ambaye hakuuza wala hakununua." Mama hakujua kuandika, akanituma mimi nijibu. Jibu lilikuwa: "Jina zuri. Je, wameandika na dawa yake?"

Tarehe 1 Agosti 1977 aliajiriwa katika idara ya mipango ya mji, chumba namba 14, ghorofa ya tatu, meza inayotazamana na mlango wa choo. Mtu akitaka kujenga kiwanda, gereji, ukumbi wa muziki au banda la kuku, kazi ya dada ilikuwa kupima watakachopata na watakachopoteza wale ambao hawakuulizwa. Mwenye kiwanda anaijua faida yake, na mnunuzi anaijua bei yake. Dada alimtafuta mtu wa tatu, yule aliyelala upande wa pili wa ukuta. Hakuamini katika kupima mtu ukiwa umeketi ofisini. Alikata vitambaa vyeupe vya ukubwa wa leso ya mfukoni, akavipima uzito, akaviombea nafasi kwenye kamba za watu za kuanikia nguo, na baada ya siku saba akavikusanya na kuvipima tena. Kama shida ni kelele, aliwauliza walimu wa shule ya jirani husimamisha somo mara ngapi kwa siku. Kama ni harufu, alipita mtaani saa sita mchana akihesabu madirisha yaliyofungwa. Na kwenye vikao, wakubwa wakishamaliza kupongezana, sauti yake ilisikika kutoka kiti cha nyuma: "Na jirani je?" Wakamwita Bi Jirani, kwa kejeli mwanzoni. Jina likamkaa, mpaka ikafika wakati barua za kiofisi zikawa zinakuja nalo.

Msidhani alikuwa mtu wa kutafuta mabaya tu. Pembezoni mwa mji palikuwa na mfuga nyuki ambaye mwenye ardhi alitaka kumwondoa, na wakulima wa maboga waliokuwa karibu naye walifurahi, maana nyuki waliwauma. Dada alikwenda mashambani na uzi mwekundu akafunga maua. Karibu na mizinga, katika kila maua kumi aliyoyafunga, saba yalizaa boga. Mbali na mizinga, matatu. Akawasomea wakulima hesabu hiyo wakiwa wamesimama shambani. Wiki haikuisha, wakachanga wenyewe kodi ya kiwanja ili mfuga nyuki abaki. Yule mzee, aliyeishi miaka yote akijua kwamba yeye ni kero, alimletea kopo la asali kila mwaka hadi alipofariki. Dada aliigawa ofisini, kijiko kwa kila mtu, kwa sababu hakutaka isemwe kwamba amehongwa na nyuki.

Mwaka 1981 mizani ya ofisi yake iliharibika, akaenda idara ya vipimo kuazima nyingine. Kijana aliyekuwa kaunta alimwuliza anataka kupima nini.

"Vumbi."

"Vumbi la dhahabu?"

"La jirani."

Kijana hakuelewa, lakini alimpa mizani bora kuliko zote zilizokuwamo, kisha akaenda kuikagua kila Ijumaa, ingawa mizani ile haikuwa na tatizo lolote. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1982, wakajaliwa watoto wawili: binti, ambaye leo ni mwalimu wa hisabati, na mwana, ambaye ni mpishi. Mstari wa pili niliourudisha ni huu, kwamba katika miaka yote ya ndoa yao, mkaguzi wa mizani wa serikali hakuwahi kushinda ubishi hata mmoja kuhusu kiasi cha chumvi kwenye mboga.

Sasa nafika mahali ambapo dada mwenyewe aliniagiza nisiparuke. Alisema, "Ukisoma mazuri matupu, watu watajua unasoma uongo."

Mwaka 1988 tajiri mmoja aliomba kujenga tanuri la kuchoma chokaa. Viwanja vilikuwa viwili: kimoja mlimani, nyuma ya nyumba za wenye nafasi, kingine hapa bondeni, kando ya vibanda vya vibarua na wachuuzi. Ofisi ilitaka kujua vumbi litadhuru wapi zaidi. Tanuri lilikuwa halijajengwa, kwa hiyo hapakuwa na vumbi la kutua kwenye vitambaa. Dada akatumia njia iliyokuwa vitabuni. Alipita nyumba kwa nyumba, mia mbili kila upande, na swali moja: "Ungekuwa tayari kutoa kiasi gani kwa mwezi ili vumbi hili lisije kwako?" Mlimani walitaja fedha za kueleweka, baadhi bila hata kuacha walichokuwa wakifanya. Bondeni walitaja vijisenti. Mama mmoja muuza chai, mwenye watoto watatu na birika mbili, alijibu, "Sina." Dada akaandika sifuri. Akajumlisha, akarudia kujumlisha, hesabu ikakubali: hasara ya bondeni ilikuwa ndogo mara kumi na moja kuliko ya mlimani. Tanuri likajengwa bondeni, likawashwa Februari 1989, na dada akapandishwa cheo.

Oktoba mwaka huo alishuka bondeni na vitambaa vyake, bado kifua mbele, kuona kama makadirio yake yalikuwa sahihi. Alimkuta muuza chai amefunika kila kikombe kwa sahani, na juu ya kila sahani pana weupe wa chokaa.

"Wewe si ndiye yule wa daftari?" mama akamwuliza.

"Ndiye mimi, mama."

"Uliniuliza nitatoa kiasi gani. Nikakwambia sina. Wewe ukaenda kuandika siumii."

Dada akaanza kumweleza jinsi hesabu ile inavyofanywa. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akamgeukia mteja mwingine. Wahenga wana methali kali zaidi ya hiyo, kuhusu adhabu na yule pekee anayeijua, ila kwa mahali tulipokusanyika leo siitaji.

Jioni ile dada alikuja karakana kwangu, akaketi juu ya friji bovu la mteja. Aliniambia, "Nimepima mifuko ya watu, nikadhani nimepima vifua vyao." Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku hiyo. Nikamwambia basi, maji yakimwagika hayazoleki. Akanijibu kwamba haya hayakumwagika, yalimwagwa, na aliyemwaga ni yeye.

Aliandika barua ofisini kusema kwamba taarifa yake ina kosa na kosa ni lake. Mkurugenzi akamwita.

"Hesabu zako ziko sawa. Tumezikagua upya."

"Hesabu ziko sawa, mzee. Swali ndilo bovu. Nimewauliza watu watatoa nini, na asiye na kitu hatoi kitu hata akiwa anakufa."

Hakuna ofisi inayopenda mtu wa namna hiyo. Alihamishiwa chumba cha majalada, chini kabisa, pasipo dirisha, akakaa humo miaka minne na nusu.

Januari 1990, kabla hata hajazoea giza la chumba kile, alifanya jambo lililoudhi ukoo mzima. Alihamia bondeni. Mama yetu alimwambia, "Nimefua masizi miaka ishirini ili wewe utoke kwenye masizi. Leo unayafuata?" Mimi nilimwita mwendawazimu, na kwa hilo naomba radhi leo mbele yenu. Shemeji alipoulizwa kama amekubali kweli, alisema kuna mizigo haibebeki kuletwa kwenye mizani, basi mizani hupelekwa kwenye mzigo. Nyumba waliyopanga ilitenganishwa na ya muuza chai kwa uzio wa mabati tu. Watoto wao walikohoa kama walivyokohoa watoto wa jirani, na jambo hilo dada alilibeba moyoni bila kuliongelea na mtu.

Muuza chai hakuwakaribisha. Alimwuzia dada chai kama mteja yeyote, akapokea hela, akatazama pembeni.

Kila Jumamosi kwa miaka sita dada alipita bondeni upya, kwa muda wake mwenyewe. Alihesabu nguo zilizorudiwa kufuliwa, siku ambazo watoto walikosa shule kwa kifua, vikombe vya chai vilivyomwagwa. Na swali aliligeuza. Badala ya kuuliza mtu atatoa nini, aliuliza: "Ungepewa nini ndipo ukubali vumbi hili liingie kwako?" Wengi walicheka. Muuza chai hakucheka. Alijibu, "Hakuna." Safari hii dada hakuandika tarakimu yoyote, aliandika neno lenyewe kama lilivyotamkwa.

Mwaka 1996 alipata mkurugenzi mpya, mwanamke aliyesoma taarifa yake mpya, kurasa zote mia moja na arobaini, hata zile za vikombe. Mwaka 1998 tanuri lilifungiwa mifuko ya kuchuja vumbi. Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2003, likazimwa kabisa, likajengwa jipya machimboni, mahali ambapo jirani wa karibu ni mawe. Vibarua wote waliohitaji walihamishiwa huko na usafiri wao, kwa sababu dada alikuwa amewahesabu na wao. Tanuri lilikuwa linalisha nyumba themanini na sita, naye hakusahau kwamba na sisi tulilelewa na moshi. Siku ile muuza chai aliweka vikombe vyake mezani bila sahani juu. Dada alivitazama kutoka upande wake wa uzio. Hakuna aliyesema kitu.

Huo ndio ulikuwa mwiba wake. Kazini alirudishiwa cheo, akapewa na cheti, akakiweka chini ya godoro. Alichotaka ni neno moja kutoka kwa mama yule, na neno halikuja. Msinielewe vibaya, walikuwa majirani wazuri. Waliazimana chumvi, walipelekana hospitali, watoto wao walikulia pande zote mbili za uzio hadi mabati yakaoza yakaondolewa. Waliongea kila kitu chini ya jua. Kuhusu lile daftari, kimya. Nilimwambia dada mara nyingi, "Si umwulize tu?" Yeye, aliyewauliza watu maelfu, alisema swali hilo hana haki nalo.

Alistaafu tarehe 9 Machi 2014, akatumia miaka minane mizuri kubishana na wajukuu na kupima uzito wa barua za kila siku bila sababu. Februari 2022 madaktari waligundua kwamba figo zake zimechoka. Ikabidi asafishwe damu kila Jumanne na kila Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara, na mimi ndiye niliyempeleka. Siku moja, mashine ikiwa inazunguka, aliniuliza, "Ukikaa hapa na mimi, friji za watu ngapi zinaoza nyama?"

"Dada, hesabu hiyo usiifanye."

"Nimeshaifanya. Halafu nikaweka na upande wa pili. Hatujawahi kukaa wawili namna hii tangu uzaliwe."

Ni kweli. Nilipata katika vyumba vile vya hospitali dada ambaye nilikuwa nikigawana na watu wengine maisha yangu yote, na kwa miaka miwili na nusu alikuwa wangu peke yangu. Nilikuwa na furaha, na sioni aibu kuisema furaha hiyo makaburini.

Mwanzoni mwa mwezi huu aliomba arudishwe nyumbani. Jumapili, tarehe 13 Oktoba, muuza chai alikuja na birika. Sasa ni bibi, magoti hayamtii, na hatua ishirini za kutoka kwake zilimchukua muda. Nilikuwapo, nimekaa kwenye kiti cha dirishani. Dada alionja chai kidogo, akaweka kikombe.

"Jirani, nikuulize kitu."

"Uliza. Si ndiyo kazi yako."

"Ile sifuri niliyokuandikia. Bado inakuuma?"

Mama yule aliifuta meza kwa upande wa kanga yake kwa muda mrefu, meza ambayo haikuwa na uchafu wowote.

"Hasira iliniisha siku nilipowaona mnashusha kitanda cha watoto kutoka kwenye mkokoteni," alisema. "Nilikwambia moyoni, sikukwambia mdomoni."

"Karibu miaka thelathini na mitano. Kwa nini?"

"Niliogopa ukishajua, utahama."

Dada alicheka mpaka binti yake akaja mbio kutoka jikoni kuona kuna nini. Halafu akalia, si sana, akashika mkono wa jirani yake na kuomba amiminiwe kikombe kingine. Alikinywa chote. Alifariki Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, kitandani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini, miezi saba na siku nane. Hesabu hiyo shemeji ameikagua.

Dada yetu ameacha mume mmoja, watoto wawili, wajukuu watano na wadogo zake watatu. Juzi, tulipokuwa tunapanga majina haya, muuza chai alikuja akasimama mlangoni na kuomba asiandikwe miongoni mwa marafiki wala majirani, bali miongoni mwa ndugu. Tumemwandika hapa pamoja na wafiwa, dada wa marehemu, kabla yangu. Marehemu analazwa hapa hapa bondeni kama alivyoagiza. Apumzike kwa amani, dada yetu. Hahami.